Tiketi za wazi au za faragha? Ulinganisho kwa vikundi vya programu huria Mbeya na Iringa

Kikundi kikishaweka programu yake wazi mtandaoni, mjadala mmoja haukwepeki: hitilafu na maombi ya watumiaji yaandikwe wapi, na nani aruhusiwe kuyasoma? Upande mmoja husema programu ni huria, basi na tiketi zake, yaani hizo ripoti za hitilafu na maombi, ziwe huria, atakayepita asome. Upande mwingine husema ya chumbani hayaletwi barazani. Nimesikia pande zote mbili zikitetewa kwa jazba, Mbeya na Iringa, mara nyingi na watu ambao bado hawajapokea tiketi hata moja kutoka kwa mtu wasiyemjua.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue programu ya aina inayofaa mazingira yetu: daftari la simu la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha mazao. Karani anapima kahawa Mbozi au mpunga Mbarali, anaingiza kilo, mkulima anapewa risiti, na mwisho wa msimu katibu anatoa hesabu. Msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko wazi na leseni ni huria. Waandishi ni wahitimu wachache wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, mwalimu mmoja aliyeko Iringa, na fundi simu wa Mwanjelwa ambaye haandiki msimbo ila ndiye anayejua simu zipi za bei rahisi zinasumbua. Hakuna anayelipwa.

Msimamo wangu nautoa sasa hivi ili usisome ukisubiri. Tiketi ziwe za wazi, isipokuwa za aina tatu: zinazobeba taarifa za watu, zinazoeleza mwanya wa usalama ambao haujazibwa, na zinazohusu mwenendo wa mwanakikundi. AMCOS zenyewe zimezoea mpango huu: bei na tarehe za malipo zinabandikwa ubaoni, kitabu cha mkulima kinabaki mkononi mwake. Kazi iliyobaki ni kutafuta zana itakayokupa ubao na kitabu bila kukulazimisha kuendesha mifumo miwili.

Mgeni akibisha hodi

Wenyeji wa kikundi hawaioni sana tofauti ya wazi na faragha, kwa sababu wao wanaona kila kitu. Anayeiona ni mgeni.

Mwanafunzi yuko kwenye mafunzo kwa vitendo, ana kompyuta yake na bando la usiku. Mfumo ukiwa wazi, anafungua orodha, anasoma tiketi zilizowekewa lebo ya kazi nyepesi, anachagua moja, na asubuhi anauliza swali ambalo tayari lina maana. Mfumo ukiwa wa faragha, anaanza kwa kuomba mwaliko. Msimamizi mwenye uwezo wa kualika yuko safarini Dar, barua pepe haijaonwa, na wiki za mafunzo zinayeyuka. Wengi hawasubiri. Wanaenda kuandika programu yao wenyewe ya AMCOS, na mkoa unabaki na madaftari mawili yenye hitilafu zilezile.

Kisha kuna watu ambao huwezi kuwaalika kwa sababu hujui kama wapo. Chukua tiketi hii, iliyoanza kama ujumbe wa sauti wa karani:

"Habari za saa hizi kaka. Hii programu leo imenitia aibu. Nimeandika sitini na mbili na nusu, risiti imetoka mia sita ishirini na tano. Mzee wa watu anataka alipwe ya kwenye karatasi."

Kilo 62.5 zimekuwa 625. Wenyeji wakijaribu kwenye simu zao haitokei, na mwisho wanaanza kumshuku karani kwamba kakosea kubonyeza. Tiketi hiyo ikiwa wazi, mtu wa Lubumbashi ambaye simu yake iko kwa Kifaransa anaweza kuikuta kwa kutafuta tu mtandaoni, akaandika mstari mmoja: kibodi yangu inatoa mkato badala ya nukta, na programu yenu inaufuta mkato ikidhani unatenganisha maelfu. Hapo kazi imebaki ya nusu saa. Mfumo wa faragha hauna njia ya kumfikia mtu huyo.

Mradi wa Debian, unaotengeneza mfumo endeshi huria wa kompyuta, ulilitamka hili tangu mwaka 1997 katika mkataba wake na jamii ya watumiaji: hautaficha matatizo, na hifadhidata yake ya ripoti za hitilafu itakuwa wazi kwa umma wakati wote. Karibu zaidi na kwetu kuna DHIS2, mfumo huria unaoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika kwa takwimu za afya hapa Tanzania. Tiketi zao ziko Jira, zana ya kufuatilia tiketi, na sehemu kubwa inasomeka na yeyote. Mtu wa takwimu wa hospitali ya wilaya Tukuyu anayekutana na ripoti isiyofunguka anaweza kujua kama ni yeye au ni toleo zima, kabla hajampigia mtu simu.

Uwazi una gharama yake pia, na watetezi wake huipitia haraka mno. Tiketi ya wazi inaogopesha. Karani anayeandika Kiswahili safi kwenye WhatsApp anaganda akiona fomu ya Kiingereza inayomtaka aeleze hatua za kurudia tatizo, huku jina lake likibaki pale miaka yote. Mwingine anahofia mwenyekiti wa AMCOS atasoma na kuona analalamika. Kwa hiyo mfumo wa wazi usio na mtu wa kuhamisha maneno kutoka kwenye simu kwenda kwenye tiketi utakuwa wazi na mtupu. Fundi wetu wa Mwanjelwa anafaa sana kwa kazi hiyo, na tiketi aandike kwa Kiswahili. Anayehitaji Kiingereza atatafsiri, zana zipo.

Skrinshoti ya karani

Hapa ndipo hoja ya faragha ina nguvu kuliko kote, na ndipo nitakaa zaidi.

Karani akipata tatizo hatumi maelezo, anatuma picha ya skrini. Itazame vizuri. Katikati kuna orodha ya risiti za siku: majina matatu matatu ya wakulima, kilo, namba za simu za kulipia, na safu ya mwisho yenye deni la pembejeo. Juu kabisa kuna arifa ya M-Pesa iliyoingia wakati anapiga picha, ikionyesha nani kamtumia karani kiasi gani. Chini kuna jina la kituo. Tatizo lenyewe ni kitufe kimoja kilichokatwa pembeni. Ukibandika picha hiyo kwenye tiketi ya wazi, umetangaza madeni ya kijiji kizima ili kueleza kitufe.

Wengi hudhani itatosha kuhariri. Haitoshi. GitHub, tovuti ambako wengi huweka msimbo wao, huhifadhi historia ya uhariri wa maoni, na kwenye hazina ya wazi (hazina ni pale mradi unapohifadhi msimbo wake) yeyote anaweza kubonyeza neno la kuonyesha kwamba maoni yamehaririwa akaona toleo la kwanza, mpaka mwenye haki ya kuandika aingie na kulifuta toleo hilo kwenye historia. Picha nayo ina kiungo chake peke yake. Kuondoa mstari wake kwenye tiketi hakuivunji linki kwa aliyekwisha kuinakili. Na barua pepe za taarifa zilikwisha kutoka dakika ileile tiketi ilipoandikwa, ziko kwenye sanduku la kila anayefuatilia mradi.

Sheria nayo imefika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Kikundi cha kujitolea chenye madaftari ya wakulima kwenye seva yake hakiwezi kujitetea kwamba chenyewe ni huria.

Lakini angalia: haya yote hayalazimishi mfumo mzima kuwa wa faragha. Yanalazimisha vitu vitatu vidogo. Kwanza, programu iwe na hali ya mfano yenye wakulima wa kubuni, ili karani aweze kuonyesha kitufe kilekile bila kumwonyesha mtu. Pili, fomu ya tiketi ianze na onyo la Kiswahili: funika majina, namba na arifa. Tatu, kuwe na njia ya kutuma picha kwa faragha pale ambapo kufunika hakuwezekani, kwa mfano hitilafu inapotokea kwenye jina la mkulima mmoja tu. Mfumo wa faragha mtupu, kwa upande wake, hulea uzembe. Kwa kuwa ni ndani, hakuna anayefunika chochote, na miaka miwili baadaye kikundi kina ghala la taarifa za watu ambalo kila mwanachama aliyewahi kualikwa bado ana funguo zake.

Mwanya unapotolewa nje mapema

Mtu akigundua kwamba kwa kubadilisha namba moja kwenye anwani anaweza kusoma daftari la AMCOS nyingine, hiyo haiandikwi ubaoni. Hapo sidhani kuna ubishi. Ubishi uko kwenye jinsi ya kuificha na kwa muda gani.

Kisa cha Log4j, kipande cha msimbo huria kinachotumika ndani ya programu nyingi za Java, kinafundisha pande zote mbili. Mtafiti wa Alibaba Cloud aliufikisha mwanya uliokuwemo kwa Apache, wasimamizi wa Log4j, kwa faragha tarehe 24 Novemba 2021, kama inavyotakiwa. Ila marekebisho yalikuwa yakifanyiwa kazi kwenye hazina ya wazi kabla ya mwanya kujulikana kwa umma tarehe 9 Desemba. Tiketi ya faragha haisaidii sana kama msimbo wa kuziba mwanya unaandikwa hadharani na mtu mwenye macho anaweza kusoma mabadiliko akajua yanaziba nini. Kwa hiyo unapolinganisha zana, usiulize tu kama tiketi inafichika. Uliza marekebisho yatafanyiwa wapi kabla ya kutoka.

Na siku sasisho likishafika kwa makarani, ifungue. Mozilla, watengenezaji wa Firefox, hufanya hivyo kwenye Bugzilla, mfumo wao wa tiketi: hitilafu za usalama hufichwa kwa kundi dogo, kisha hufunguliwa baada ya marekebisho kuwafikia watumiaji. Tiketi za usalama zisizofunguliwa kamwe huwafanya watumiaji waamini programu haijawahi kuwa na mwanya, jambo ambalo si kweli kwa programu yoyote.

Tiketi za mwenendo, yaani fulani kamtukana fulani au kamsumbua mgeni, sitazikalia. Hizo hazifai kuwa tiketi hata kidogo. Wape watu wawili wanaoaminika, ikiwezekana mmoja mwanamke, na namba zao.

WhatsApp

Ukweli ni kwamba tayari una mfumo wa faragha: ni kundi la WhatsApp. Ndiko tiketi zote zinakozaliwa na ndiko nyingi zinakofia, kati ya salamu za Jumapili na mchango wa harusi. Haina hali ya kufungwa wala kufunguliwa, haina mtu aliyekabidhiwa, na anayejiunga leo hana kumbukumbu ya msimu uliopita. Usiipige marufuku, utashindwa. Iache iwe mlango wa kuingilia, na kila kinachohitaji kukumbukwa kipate tiketi yenye namba, kisha namba hiyo irudishwe kundini: "Dada, hii imeandikwa, ni namba 48."

Zana moja moja

GitHub ndiyo watu wengi wanaijua, na wanafunzi tayari wana akaunti. Hazina ya wazi inakuja na tiketi za wazi, bure. Udhaifu wake kwa mahitaji yetu ni mmoja na ni mkubwa: kwenye hazina ya wazi huwezi kuficha tiketi moja moja. Zote ziko wazi au zote ziko ndani. Njia ya kuzunguka ni kufungua hazina ya pili ya faragha kwa ajili ya picha na taarifa za watu, ambayo tangu 2019 ni bure, na tangu 2020 bila kikomo cha washirika. Kwa usalama ipo njia nzuri zaidi: tangu 2023 mwenye mradi anaweza kuwasha upokeaji wa ripoti za faragha za mianya, na ndani yake kuna nakala ya muda ya hazina ambamo marekebisho yanaandikwa bila kuonekana. Haijiwashi yenyewe, lazima uingie kwenye mipangilio. Nimeona miradi mingi ambayo haijaiwasha njia hiyo, na mwenye ripoti anaishia kuiandika hadharani kwa kukosa pengine pa kuiweka.

GitLab, tovuti nyingine ya aina ya GitHub, ndiyo inayokaribia zaidi ubao na kitabu. Kila tiketi ina kisanduku cha kuifanya ya siri. Ukikitia alama, inabaki kwa mwandishi wake na wanachama wenye cheo cha kutosha, wakati tiketi za jirani ziko wazi. Nyongeza ninayoipenda ni dawati la huduma: mradi unapata anwani ya barua pepe, na kinachotumwa pale kinakuwa tiketi ya siri bila mtumaji kuwa na akaunti. Kwa karani wa Mbozi hiyo ni tofauti kubwa. Kasoro zake: ombi la kuunganisha msimbo haliwezi kuwa la siri kwenye mradi wa wazi, kwa hiyo marekebisho ya mwanya yanahitaji nakala ya faragha ya mradi. Tena, kundi la faragha la bure kwenye GitLab.com lina kikomo cha watu 5, ingawa la wazi halina. Ukitaka kuiweka kwenye seva yako mwenyewe, jua kwamba inapenda RAM na kwenye seva ndogo ya gigabaiti moja haikai.

Jira ina nguvu nyingi kuliko kikundi chetu kinavyohitaji. Mpango wa bure una kikomo cha watumiaji 10 na haukuruhusu kupanga ruhusa upendavyo, na ruhusa ndiyo hasa tuliyoifuata. Atlassian, kampuni yenye Jira, imekuwa ikitoa leseni ya bure kwa miradi huria inayoomba, na jumuiya kubwa kama DHIS2 zinaitumia vizuri. Wale waliokuwa wakiiweka kwenye seva zao ndogo wafahamu kwamba usaidizi wa Jira Server ulikoma Februari 2024. Kwa kikundi kidogo kama chetu, ningeiacha.

Trello ni nyepesi kwa macho, na katibu wa AMCOS anaielewa siku ya kwanza. Ubao unaweza kuwa wa wazi, ila kadi moja haifichiki kwenye ubao wa wazi, na mpango wa bure una kikomo cha washirika 10. Inafaa kwa ratiba ya mafunzo ya makarani. Hitilafu za msimbo zipelekwe penye msimbo.

MantisBT na Redmine ni za kujiwekea mwenyewe, na zote mbili zinakuwezesha kuchagua tiketi hii iwe ya wazi na ile ya faragha. Mantis inatumia PHP na MySQL, kwa hiyo inakaa hata kwenye mwenyeji wa tovuti wa bei rahisi ambako AMCOS au shule tayari ina nafasi. Kurasa zake ni za kizamani na nyepesi, jambo ambalo mtu wa bando la MB mia mbili atalishukuru. Gharama halisi ni mtu: nani ataweka masasisho, nani atakumbuka kulipia jina la tovuti, nani atarudisha nakala seva ikifa? Kama jibu ni mtu mmoja, na anatafuta kazi Dodoma, usianze.

Uchukue ipi

Kama watumiaji wako ni makarani na wakulima, na picha za skrini ndizo lugha yao, ningechukua GitLab.com kwenye mradi wa wazi, na anwani ya dawati la huduma ibandikwe ndani ya programu kwenye kitufe cha msaada. Kisanduku kimoja cha siri kinaokoa kazi ya hazina mbili.

Kama unachotafuta zaidi ni wachangiaji wa msimbo, hasa wanafunzi, GitHub inashinda kwa sababu wao wako kule. Washa ripoti za faragha siku ileile unayofungua hazina, andika faili la SECURITY.md linaloeleza kwa Kiswahili wapi pa kupeleka mwanya, na uwe na hazina ya pili ya faragha kwa picha. Ukiona hazina hiyo ya pili inaanza kupata tiketi nyingi kuliko ya kwanza, ujue wanakikundi wamekimbilia ndani, na uulize kwa nini.

Kama mteja ni AMCOS moja tu, mmesaini naye makubaliano, na uhuria wa msimbo ni jambo la baadaye, mfumo wa faragha hauna ubaya. Ila anza kuandika kila tiketi kana kwamba itasomwa na mtu wa nje, bila majina, kwa sababu ile "baadaye" ina gharama ambayo watu hawaihesabu. GitHub haikuruhusu kuhamisha tiketi kutoka hazina ya faragha kwenda ya wazi, na ukiifungua hazina yenyewe, tiketi zote na maoni yote ya miaka yote yanafunguka pamoja nayo. Hakuna kikundi cha kujitolea chenye muda wa kupitia mazungumzo mia nne kutafuta namba za simu.

Kwa walio tayari kwenye hali hiyo, njia ninayoiona inafanya kazi ni kuacha ya zamani ilale. Fungueni mradi mpya wa wazi, kisha tiketi hai pekee, zile ambazo bado zinamsumbua mtu msimu huu, ziandikwe upya kwa mkono, tatizo na toleo na aina ya simu, na karani aitwe "karani wa kituo kimoja Mbozi". Kazi hiyo igawanywe kwa watu wawili, mmoja aandike na mwingine asome kabla haijabandikwa, maana aliyeizoea picha haoni tena jina lililoko pembeni.